Jana alivumilia, leo anaziba masikio: kuelemewa na hisi kwa watoto wenye usonji

Kila baada ya muda huzunguka mtandaoni video ya aina ileile. Mtoto wa miaka sita au saba amejilaza sakafuni mahali penye watu wengi, anapiga mayowe, anarusha miguu, pengine anajigonga kichwa. Mzazi amechuchumaa kando yake, kimya, kana kwamba hajui la kufanya. Aliyeshika simu anarekodi. Maoni yanamiminika: huyo amekosa fimbo, huyo kadekezwa, mama kashindwa kulea. Halafu anatokea mmoja anayeandika kwamba huenda mtoto ana usonji na ameelemewa na hisi. Hapo ndipo ubishi unapokolea, maana mwingine humjibu: "Mbona haohao nyumbani hufungulia televisheni sauti mpaka mwisho? Ni kelele gani hizo zinazochagua siku?"

Swali limeulizwa kwa kejeli, lakini ni swali zuri. Ndilo linalowatatiza hata wazazi na walimu wanaoshinda na watoto hawa. Mtoto anaziba masikio akisikia mashine ya kukaushia mikono chooni, kisha yeye mwenyewe anapiga kelele kuishinda ile mashine. Anaruka ukimgusa bega, kisha anajibamiza ukutani huku akicheka. Jumatatu anapita katikati ya umati salama salimini. Jumanne umati uleule unamwangusha chini. Darasani ametulia tuli, akifika nyumbani analipuka. Ukiyatazama haraka haraka unaona ukigeugeu, na mtoto kigeugeu huwa tunamwita mjanja.

Nia yangu ni kulifungua hilo fundo la ukigeugeu, kwa sababu naamini ndilo linalowafanya watu wenye nia njema kabisa wamhukumu mtoto vibaya.

Hisi si hisia

Tuanze na maneno. Usonji, ambao wengine huuita otizimu, ni tofauti katika namna ubongo unavyokua. Huanza mapema kabisa katika maisha, na hugusa jinsi mtu anavyowasiliana na kuhusiana na wenzake, anavyoshikilia utaratibu na mambo ayapendayo, na jinsi mwili wake unavyoupokea ulimwengu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Watu hao hawafanani hata kidogo: yupo asiyetamka neno maisha yake yote, na yupo anayefundisha chuo kikuu.

Sasa hili la hisi. Kiswahili kina maneno mawili yanayokaribiana mno, hisi na hisia, na mkanganyiko mwingi unazaliwa hapo. Hisi ni kazi ya mwili: kuona, kusikia, kunusa, kuonja, kugusa. Hisia ni mambo ya moyo: furaha, hasira, huzuni, woga. Ukisema "mtoto ameelemewa na hisia", msikilizaji anaelewa kwamba mtoto amekasirika, na mwenye hasira hufundishwa kujizuia. Ukisema "ameelemewa na hisi", unasema jambo jingine kabisa: kwamba vinavyoingia mwilini kupitia masikio, macho, ngozi na pua ni vingi kuliko ubongo unavyoweza kuvipanga kwa wakati huo. Hasira na kilio vinaweza kufuata, naam, ila vinafuata kama moshi unavyofuata moto. Kupunga moshi hakuzimi kitu.

Shuleni tulikaririshwa milango mitano ya fahamu. Vitabu vile vilitupunja. Ipo mingine isiyopungua mitatu. Mmoja umo ndani kabisa ya sikio, nao ndio unaokuambia kama umesimama wima, umeinama au unazunguka. Wa pili umo kwenye misuli na viungo: fumba macho, nyoosha mkono, na bado utajua kiganja chako kiko wapi. Wa tatu unaelekea ndani ya tumbo na kifua. Huo ndio unaoleta habari za njaa, kiu, haja ndogo, joto na mapigo ya moyo. Ikumbuke hii mitatu, kwani mafumbo mengi ya watoto wenye usonji yamejificha humo.

Bawabu asiyezoea wageni

Palipo na mlango hakukosi bawabu, na ubongo unao wa kwake. Wakati unasoma sentensi hii, nguo imegusa mgongo wako, lakini ulikuwa huisikii mpaka nilipoitaja. Asubuhi ulipoivaa bawabu aliipokea, akaitazama, akasema "huyu namfahamu", akaiacha ikae nje. Ndivyo anavyofanya kwa mlio wa feni, harufu ya chumba na mwanga wa dirisha. Havijatoweka. Vimezoeleka tu, na kazi hiyo ya kuzoea inaendelea mchana kutwa bila wewe kuombwa ruhusa.

Kwa watoto wengi wenye usonji bawabu huyo hazoei upesi. Feni iliyolia saa mbili asubuhi inaingia saa tatu kama mgeni mpya, na saa nne tena kama mgeni mpya. Hii si hadithi ya kubuni ili kuwatetea watoto. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwaweka vijana, wenye usonji na wasio nao, ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawasikilizisha kelele huku wakiwasugua kwa kitambaa kinachokwaruza. Kwa vijana wengine, sehemu za ubongo zinazoshughulikia sauti na mguso zilianza kupoa kadiri jambo lilivyorudiwa. Kwa wale wenye usonji ambao hisi huwasumbua sana, ziliendelea kuwaka, pamoja na amigdala, kijisehemu cha ubongo kinachopiga mbiu ya hatari. Maana yake ni kwamba kile kitambaa hakikuwa kero tu kwao. Mwili ulikipokea kama tishio.

Yako maelezo mengine yanayokamilishana na hayo. Mwaka 2012 Elizabeth Pellicano na David Burr walipendekeza kwamba tofauti iko katika kubashiri. Ubongo wa kila mtu hauishi kwa kupokea tu. Hukisia kinachofuata, na kikija kilichokisiwa, hukipa uzito mdogo. Walisema kwamba kwa mtu mwenye usonji makisio hayo hayana nguvu sana, kwa hiyo ulimwengu humfikia mbichi, bila kupunguzwa makali. Ukilichukulia hivyo, unaanza kuelewa kwa nini watoto hawa hupenda njia ileile, kiti kilekile, mpangilio uleule. Utaratibu unawafanyia kazi ambayo bawabu hakuifanya.

Lakini tusidhani bawabu ni mkali kila mlango. Milango mingine amelala. Yupo mtoto anayeungua kidole na asilie, anayezunguka kama pia dakika kumi asipate kizunguzungu, asiyejua kwamba ana njaa hadi miguu inapolegea. Wa namna hiyo hutafuta kuhisi: anaruka, anajibamiza, ananusa kila kitu, anatafuna kola ya shati. Na mtoto mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, masikio makali na ngozi iliyolala, au ngozi kali na tumbo lisilotoa habari.

Ajabu ni muda uliochukua jambo hili kupewa uzito. Daktari Leo Kanner, alipoandika mwaka 1943 kuhusu watoto 11 aliowachunguza Marekani, alitaja wazi hofu yao mbele ya lifti, mashine za kufyonza vumbi, maji yanayotiririka, hata upepo. Hata hivyo ilikuwa mwaka 2013, miaka 70 baadaye, ndipo mwongozo wa uchunguzi wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani ulipoiweka tofauti ya hisi bayana miongoni mwa vigezo vya usonji. Kwa hiyo daktari au mwalimu aliyesoma zamani, na akalichukulia suala hili kama jambo la pembeni, hakulitoa kichwani mwake, ndivyo alivyofundishwa.

Kelele yangu na kelele yenu

Turudi kwa mtoto anayeogopa mashine chooni na kupiga kelele kuishinda. Kanner aliliona hili pia. Aliandika kwamba mtoto yuleyule anayeingiwa na hofu kwa kelele ya kitu anaweza kwa furaha kabisa kupiga kelele kubwa kiasi hichohicho. Kinachomtesha si ukubwa wa sauti peke yake. Ni sauti inayomvamia.

Jaribu mwenyewe kujitekenya. Huwezi, kwa kuwa ubongo wako unajua mkono unaelekea wapi kabla haujafika. Sauti unayoitoa mwenyewe hupokelewa hivyohivyo: ubongo ulishaarifiwa. Mtoto anayeongeza televisheni ndiye aliyeshika kidhibiti. Anajua itaanza lini, itapanda kiasi gani na itaisha lini. Wakati mwingine anaiongeza makusudi ili ifunike mlio mwingine ambao wewe huusikii, kwa mfano mvumo wa friji au mazungumzo ya chumba cha pili. Mashine ya chooni haimpi taarifa yoyote. Inanguruma pale mtu mwingine anapopitisha mkono.

Suala hili la nani ameshika kidhibiti linajitokeza tena kwenye ngozi. Temple Grandin, mwanasayansi wa mifugo wa Marekani mwenye usonji, ameeleza mara nyingi kwamba utotoni alitamani kukumbatiwa ila alipokumbatiwa ilikuwa kama wimbi linamfunika. Akiwa msichana, kwenye ranchi ya jamaa zake Arizona, aliona ng'ombe wakitulia wanapobanwa ubavuni na kizimba cha kuchanjia. Akajitengenezea mashine yake ya mbao yenye kamba na kidhibiti, anaingia, anajibana mwenyewe kwa nguvu anayoitaka, anatulia. Mashine ilimpa kilekile ambacho mikono ya watu ilikuwa inampa, isipokuwa kwamba safari hii aliyeamua ni yeye.

Ndiyo sababu yule anayeruka ukimgusa bega hujibamiza ukutani. Mguso mwepesi, wa kupapasa, ni habari ya ngozi, na kwa ngozi kali habari hiyo huwasha au hata huuma. Kujibamiza ni habari ya misuli na viungo, ule mlango wa pili niliosema tuukumbuke, na mbano mzito kwa watoto wengi hutuliza. Kwetu yote mawili ni "kuguswa". Kwao hayana undugu.

Haba na haba hujaza kibaba

Methali hii tumezoea kuiambia watu wanaoweka akiba. Ningependa tuiazime kwa jambo lisilopendeza, kwa sababu sioni maelezo bora zaidi ya ile Jumatatu na Jumanne.

Chukua siku moja ya mtoto wa darasa la pili. Ameamka akiwa amelala kwa muda wa saa tano tu, maana usingizi wa watoto wengi wenye usonji ni wa kukatikakatika. Shati ni jipya na lebo yake inamchoma shingoni. Hasemi, kwa sababu hajui kwamba shingo za wengine haziumi. Darasani kuna taa ndefu za mirija za mtindo wa zamani. Taa hizo huwaka na kufifia mara 100 au 120 kwa sekunde kutegemea umeme wa nchi, kasi ambayo macho mengi hayaioni, ila wapo wanaolalamika kwamba zinawachosha au zinalia. Viti vinakwaruza sakafu. Mwalimu mgeni amepaka manukato. Kengele inapigwa mara sita. Aliyezoea kukaa naye hayupo, hivyo kahamishiwa dawati jingine. Ana haja ndogo tangu saa nne na ule mlango wa tatu haujamwambia. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotosha kumwangusha, na hakuna hata kimoja kilichotoka. Vyote vimo kibabani.

Saa tisa alasiri yuko kwenye foleni na mama yake. Mtu nyuma yao anacheka kwa sauti.

Anadondoka chini.

Simu inayorekodi imenasa kicheko na mtoto aliyedondoka, basi. Mtazamaji anauliza, na kweli ana haki ya kuuliza, mtu gani anaanguka kwa kicheko? Jana kicheko kama hicho kilimkuta shingoni hamna lebo na usingizi umekamilika. Kelele haikuchagua siku. Kilichobadilika ni nafasi iliyobaki kibabani.

Hapohapo pana jibu la lile fumbo la shuleni malaika, nyumbani simba. Watoto wengi wenye usonji, hasa wanaozungumza vizuri na wanaojua kuwa wanatazamwa, hujibana mchana kutwa. Wanaiga utulivu wa wenzao, wanaificha mikono inayotaka kupunga, wanameza. Kazi hiyo yenyewe inachosha na inajaza. Wanafika mlangoni kwao, mahali pekee wanapojua hawatafukuzwa wala kuchekwa, na huko ndiko wanakomwaga. Mwalimu anamwambia mzazi, "Kwangu hana shida yoyote, labda kuna kitu huko nyumbani." Sentensi hiyo imewaliza wazazi wengi. Mwalimu hasemi uongo. Anachokiona ni kibaba kikijaa taratibu, na kibaba kinachojaa hakipigi kelele.

Kulipuka na kuzima

Kuelemewa huishia kwa sura mbili. Ya kwanza ndiyo ya kwenye video: kulipuka. Mwili umeingia hali ya hatari, moyo unakimbia, homoni za kupigana au kukimbia zimemwagika, na sehemu ya ubongo inayopima na kupanga maneno imesukumwa pembeni. Mtoto anayeweza kuzungumza huenda akashindwa kutamka hata jina lake. Anaweza kukimbia bila kutazama gari wala maji, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo, si kwenye aibu ya kutazamwa.

Sura ya pili haina video kwa sababu haivutii. Mtoto anazima. Anakuwa mzito, macho hayatui mahali, hajibu, pengine anajikunyata chini ya meza au anasinzia mchana kweupe. Walimu huipenda hali hii kwa kuwa haisumbui darasa. Nitie neno moja la tahadhari: kifafa huwapata zaidi watu wenye usonji kuliko wengine, na aina fulani ya kifafa huonekana kama kukodoa tu kwa sekunde kadhaa. Mtoto anayekatika ghafla katikati ya jambo na kurudi kama hakuna kilichotokea anahitaji daktari, asiachwe kwa kudhani amezima.

Je, unamtofautishaje aliyelipuka na anayedeka? Anayedeka ana anachokitaka. Anakuchungulia kama unamtazama, anachagua mahali pa kujirusha pasipomuumiza, na ukimpa alichotaka, kilio hukatika kama bomba lililofungwa. Aliyelipuka hana ombi. Ukimpa kitu hakioni, ukiondoka haachi, na akiumia hajali. Lakini nisiwadanganye kwamba mstari umenyooka. Mtoto mwenye usonji ni mtoto, naye hudeka. Na kilio kilichoanza kwa kunyimwa kitu kinaweza kumjaza hadi kikageuka mlipuko wa kweli, na aliyekuwa na ombi dakika tano zilizopita sasa hana tena.

Huwa nasikia pia hoja ya simu: "Alipopewa simu alinyamaza, basi alikuwa anaigiza." Simu yenye mchezo anaoujua hufanya kazi ya kumfungia milango. Macho yanabaki na kitu kimoja, sauti ni ileile ya kila siku, vidole vinajua pa kupita. Amepata chumba kidogo cha kujificha katikati ya kelele. Hilo halithibitishi kwamba hapakuwa na kelele. Kupunga mikono, kujitikisa mbele na nyuma, kuguna wimbo mmoja bila kukoma, ni chumba hichohicho bila simu. Ndiyo maana kumwambia "tulia, acha kupunga" ni kumnyang'anya kifaa alichokuwa anakitumia kutulia.

Samaki na fimbo

Samaki mkunje angali mbichi, wanasema, na anayesema hivyo mara nyingi ameshika fimbo. Acha kwanza suala la haki na huruma, tulitazame hili kwa hesabu tupu. Mtoto amezidiwa na sauti, mguso na maumivu. Unamwongezea sauti, mguso na maumivu. Hata kufoka "Nyamaza!" ni kelele nyingine kibabani. Inawezekana kweli akanyamaza, kwa kuzima, na aliyempiga akaondoka akiamini dawa imefanya kazi. Alichojifunza mtoto ni kwamba mahali pale pana hatari kuliko alivyodhani, na safari ijayo ataanza kujaa kabla hajafika.

"Atazoea tu" ni binamu mpole wa fimbo. Kuzoea kupo, lakini hutokea mtoto akiwa ameshika kidhibiti: asogee kwa hiari, akae dakika mbili, aweze kutoka akitaka, kesho tatu. Kumburuta hadi katikati ya umati na kumshikilia hapo kunamzoesha jambo moja, kutokuamini mkono ulioshika wake.

Kuhusu "asiyefunzwa na mamaye", tuliwahi kuipita njia hiyo. Katika miaka ya 1950 na 1960 mabingwa waliheshimika kwa kusema kwamba usonji unaletwa na mama asiye na upendo. Mwanasaikolojia Bernard Rimland, naye baba wa mtoto mwenye usonji, aliivunjavunja hoja hiyo mwaka 1964 kwa kuonyesha kwamba chanzo ni cha kibayolojia, na utafiti uliofuata umezidi kuizika. Wanasayansi waliiacha kitambo. Kwenye maoni ya video bado ina afya njema.

Kosa la upande wa pili nalo lipo, la kuona usonji kila mtoto anapoziba masikio. Watoto wengi huogopa fataki na baruti bila kuwa na chochote. Kipandauso, uchovu na hali nyingine za ukuaji huleta ukali wa hisi. Uchunguzi wa usonji hutazama mengi zaidi ya masikio.

Kinachosaidia, na kinachotangazwa

Katikati ya mlipuko kazi ni kupunguza, kila kitu. Maneno yapungue: sentensi moja fupi, sauti ya chini, kisha kimya. Watu wapungue. Mwanga upungue ikiwezekana. Usimshike isipokuwa anaelekea kwenye hatari, na ukilazimika, shika kwa uthabiti, usipapase. Usimlazimishe akutazame machoni. Uso wa mtu ni habari nyingi mno. Yule mzazi aliyechuchumaa kimya kwenye video, "asiyejua la kufanya", yumkini ndiye pekee pale anayejua hasa. Ukiwa mpita njia, msaada mkubwa ni kusogeza watu, kisha kuuliza kwa upole, "Dada, nikushikie mizigo?" na kukubali jibu la kichwa tu.

Kazi yenyewe hufanyika kabla, pale kibaba kinapojaa. Dalili ya mvua ni mawingu, na kila mtoto ana mawingu yake: masikio yanayogeuka mekundu, maswali yaleyale kurudiwa, kutembea kwa ncha za vidole, kucheka kusiko na furaha. Mzazi akiyajua, anamtoa mapema dakika kumi, na hakuna anayejua kwamba mlipuko umeepushwa. Njia rahisi ya kuyajua ni daftari. Baada ya kila tukio andika saa tatu zilizotangulia, si dakika tatu: alilala kiasi gani, alivaa nini, alikula lini, alikwenda haja lini, walikuwepo akina nani, nini kilibadilika. Baada ya wiki chache mara nyingi hujitokeza kitu ambacho hakikuwahi kushukiwa. Pia, mtoto aliyekuwa akivumilia na ghafla amekuwa wa kulipuka kila siku apelekwe akaguliwe meno, masikio na tumbo. Jino bovu linaweza kukijaza kibaba nusu kabla hajatoka kitandani, na yeye asijue kulionyesha.

Vifaa navyo vipo, na wauzaji wake wana maneno matamu. Vikinga masikio huwasaidia wengi kuingia mahali ambapo wasingeingia. Havifai kuvaliwa mchana kutwa, kwa sababu masikio yaliyokaa kimya muda mrefu huweza kuzidi kuwa makali. Viwe vya kelele inayojulikana, halafu vivuliwe. Blanketi zito hutangazwa kama tiba ya usingizi. Jaribio lililofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2014, likihusisha watoto 67 wenye usonji, halikuona wakilala muda mrefu zaidi kuliko kwa blanketi la kawaida. Watoto na wazazi walilipenda hata hivyo, na mimi sioni ubaya wa mtoto kulala na kitu anachokipenda, alimradi ni mkubwa wa kutosha kujifunua mwenyewe na hakijanunuliwa kwa deni. Wataalamu wa tiba kazi, fani ya kuwasaidia watu kumudu shughuli za kila siku na ambayo katika eneo hili inamkumbuka Jean Ayres wa California aliyeanza kuunganisha hisi na kujifunza zaidi ya miaka 50 iliyopita, wanaweza kumpima mtoto mlango kwa mlango na kusema upi ni mkali na upi umelala. Hilo lina faida kuliko kununua kila kinachouzwa.

Vya bure mara nyingi hushinda: kukata lebo za shati, kuhamisha dawati mbali na mlango, kuzima taa moja kati ya mbili, kumwambia kengele italia baada ya dakika mbili. Taarifa ya dakika mbili haipunguzi sauti ya kengele hata kidogo. Inampa yule bawabu nafasi ya kusimama na kujiandaa.

Video zile huishia mtoto anapobebwa kuondoka, kwa hiyo watu hawaoni kinachofuata. Kinachofuata ni kuchoka. Mwili uliomwaga homoni za hatari hauzirudishi kwa dakika tano. Wengine huhitaji saa nzima, wengine hadi kesho yake. Wengi husinzia palepale, viatu miguuni. Wapo wasiokumbuka vizuri kilichotokea, na wapo wanaokumbuka kila kitu na kuona haya, wakaja baadaye kuketi karibu na mama bila kusema neno. Maswali ya "kwa nini ulifanya vile" yakiulizwa saa hiyo humjaza upya. Chumba chenye giza kidogo, maji ya kunywa, na mlango uliorudishwa bila kufungwa vinamtosha mpaka asubuhi, na asubuhi kabla hajavaa, mtu aikague ile lebo ya shati.